Kabla ya kung'oa tangi la maji moto, onja kwanza maji ya bomba lako

Mombasa na maji moto wapi na wapi? Swali hili utaulizwa na jirani pindi aonapo boksi la hita mpya likishushwa mlangoni pako. Na ana sababu. Saa nane za mchana, ukifungua bomba linalotoka kwenye tangi la juu ya nyumba, jua limekwisha kukupikia maji bila ya senti moja. Lakini muulize mzee mwenye baridi yabisi aamkaye alfajiri ya mwezi wa Julai, kusi ikivuma, akoge kabla ya sala. Muulize mzazi aliye ndani ya arobaini yake, au mama aliyelala na mtoto mwenye kifua. Hao hawatakuuliza wapi na wapi.

Ndiyo sababu ile sufuria ya maji ya kuoga, na hata lile tangi la hita linaloning'inia ukutani, vinaanza kuachwa katika nyumba za Kisauni, Likoni na Changamwe. Mahali pake panachukuliwa na hita ndogo isiyo na tangi, inayopachikwa kwenye shawa yenyewe na kuyapasha maji papo kwa papo yanapopita. Mafundi huiita "instanti". Watu wa Brazil wameitumia kwa miaka mingi, na mpaka leo jina la Lorenzetti, kampuni ya São Paulo, ni maarufu katika maduka ya vifaa humu nchini.

Muuzaji atakwambia kwamba hita hii inapunguza bili ya umeme. Tufanye hesabu pamoja, msomaji, kabla hujatoa pesa.

Tuseme maji yako alfajiri yana joto la digrii 25, nawe wataka kuoga kwa digrii 40. Shawa ikitoa lita 3 kwa dakika, kazi hiyo yahitaji wati 3,000 hivi. Mtu akioga dakika 8, ametumia yuniti 0.4. Jamaa ya watu watano ni yuniti 2 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Sasa tazama tangi la lita 50. Kulipasha kutoka digrii 25 hadi 60 kwahitaji pia yuniti 2, na maji hayo yakichanganywa na ya baridi yawatosha watu wale wale watano. Tofauti iko wapi, basi? Iko kwenye maji yanayopashwa halafu yasiogwe na mtu. Kama tangi lenu huwashwa usiku kucha, au nyumba ina watu wawili tu, hita ya papo kwa papo itakuokolea pesa. Kama tangi lenu huwashwa saa moja, likatumika lote na kuzimwa, usitarajie miujiza.

Jambo jingine ambalo halisemwi dukani ni kwamba nyingi za hita hizi zina nguvu ya wati 5,500. Anayeishi Limuru huenda akaihitaji nguvu yote hiyo. Sisi wa pwani hatuihitaji. Kwa lita zile 3 za dakika, wati 5,500 zitayafikisha maji yako digrii 50, nayo hayo yanamchoma mtoto. Isitoshe, familia ile ya watu watano itatumia yuniti 110 kwa mwezi badala ya 60. Kwa viwango vya umeme vilivyoanza Aprili 2023, mwenye kupita yuniti 100 kwa mwezi hulipa bei ya juu kuliko aliye chini yake. Chagua basi hita yenye viwango viwili au vitatu vya joto, na uwafunze watoto kutumia kile cha chini.

Lakini si bili inayoua hita za Mombasa. Ni chumvi.

Maji ya mfereji ya mji huu yanatoka mbali: chemchemi ya Mzima kule Tsavo, ambayo bomba lake lilikamilika katika miaka ya 1950, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayatoshi, na kila mkaazi wa bara anajua maana ya kungojea zamu ya maji. Mfereji ukikauka, mwenye kisima hupiga pampu, na asiye nacho humwita mwenye mkokoteni. Kisauni na Likoni zimekaa juu ya mchanga na mwamba wa matumbawe, bahari ikiwa karibu. Kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari husogea chini kwa chini yakaingia. Ndiyo maana kisima kilichokuwa na maji matamu zamani za babu leo hakitoi hata povu la sabuni.

Sasa fikiria hita. Katika zile za bei nafuu, koili inayowaka imezama ndani ya maji yenyewe, haina kifuniko. Maji matamu hupitisha umeme kidogo sana. Maji ya chumvi huupitisha kwa wepesi mkubwa zaidi, na pia huila koili mpaka ikakatika. Hivyo chumvi yakutia hasara mara mbili: hita inakufa mapema, na kabla ya kufa inaweza kuuleta umeme mpaka kwenye maji yanayokumwagikia kichwani. Watengenezaji wanalijua hili, nao hutoa hita za namna ya pili, ambazo koili yake imevikwa ganda la chuma, maalumu kwa maji ya chumvi. Ni ghali zaidi. Boksi huandikwa wazi. Soma mwenyewe, usisomewe.

Hapa ndipo familia nyingi hunaswa. Mtu hununua hita ya maji matamu akisema kwa ukweli kabisa kwamba bafu lake linatumia maji ya mfereji. Anasahau kwamba mfereji na pampu ya kisima vyote vinamimina katika tangi lile lile la juu. Zamu ikiruka wiki mbili, pampu inapigwa, na hita inanyweshwa chumvi pasipo mtu kuiambia. Basi usichague hita kwa maji ya leo. Chagua kwa yale mabaya kabisa yatakayoingia tangini mwako mwaka huu. Yaonje mwezi wa Februari, kiangazi kikiwa kikali. Kama una shaka, nunua ile ya maji ya chumvi. Haitadhurika kwa kunyweshwa matamu.

Sasa tuje kwenye waya, na hapa naomba usikilize kuliko kote. Wati 5,500 kwa umeme wetu wa volti 240 ni ampea 23. Waya wa taa, ambao kwa kawaida una unene wa milimita mraba 1.5, hauwezi mzigo huo. Hata waya wa tangi lako la zamani usiuamini, kwa maana matangi mengi hayapiti wati 3,000 na huenda ulitandazwa kwa kadiri hiyo. Hita mpya yataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, aghalabu wa milimita mraba 6, na swichi yake ya kujikata. Wapo mafundi wa mtaani ambao hung'oa taa ya bafu na kuunga hita papo hapo. Mpe chai umwage salama. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA.

Mwambie pia akague waya wa ethi. Mchanga mkavu na matumbawe haviupokei umeme vizuri, hivyo fito iliyochomekwa ardhini kwa pupa yaweza kuwa pambo tu. Kwa sababu hiyo usikubali hita iwashwe bila RCD, kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja kiasi cha miliampea 30. Kuna watu wamezoea bomba linalowatekenya vidole wakioga, wakalifanya jambo la kuchekea. Huo ni umeme unaotafuta njia. Zima swichi kuu, mtu asioge hapo mpaka fundi aje.

Kama ni nyumba ya kupanga, haya yote ni maneno ya kuzungumza na mwenye nyumba kwanza, maana waya ni wake na mpangaji wa chumba cha pili yumo humo humo.

Hita ikishafungwa, fungua maji kwanza yatiririke mpaka hewa iishe, kisha ndipo uwashe. Koili ikiwaka pakavu hukatika mara moja. Matundu ya shawa yakiziba kwa chokaa, zima umeme, kifungue kifuniko ukiloweke kwenye siki usiku mmoja. Na kila mwezi bonyeza kile kidude cha majaribio kwenye RCD. Umeme usipokatika, bafu lifungwe hadi kibadilishwe.