Saa Zisizoandikwa Kwenye Tiketi ya Kigoma

Kati ya uwanja wa ndege wa Kigoma na ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, kuna takriban kilomita 1,080. Huo ni umbali wa angani, njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hupinda kupitia Tabora na Dodoma, ndiyo maana urefu wake unakaribia kilomita 1,250.

Ukitaka kukisia muda wa kuruka, gawanya umbali kwa mwendo. Ndege ya mapangaboi kama Dash 8 Q400, ikienda kilomita 650 kwa saa, ingetumia saa 1 na dakika 40. Ongeza kama nusu saa, kwa sababu ndege hupanda na kushuka kwa mwendo mdogo, na muda ulio kwenye tiketi huhesabiwa tangu inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama tena. Ikitua Tabora njiani, hesabu hiyo haifai tena.

Sasa mchukue mgonjwa wa Mwamgongo aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kijiji chake kiko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, na wengi hutoka huko kwa boti za mbao zinazoshusha abiria Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Ni kama kilomita 30 tu, lakini boti hupakia na kushusha kijiji hadi kijiji, na saa tatu au nne huisha majini. Kwa hiyo kipande kifupi kabisa cha safari ndicho kinachokula muda mwingi kuliko ndege yenyewe. Tena upepo wa kusi ukivuma, ziwa huchafuka na nahodha mwenye busara hangoji kuambiwa asubiri.

Kwa sababu hiyo namsihi kila anayemkatia mgonjwa tiketi ahesabu kuanzia ufukweni: afike Kigoma siku moja kabla. Ndege haimngoji aliyezuiwa na mawimbi.

Saa ya simu nayo iangaliwe. Kigoma na Dar zinafuata saa ileile, ingawa jua la Kigoma huchelewa kwa dakika 38 hivi, kwa kuwa miji hiyo imepishana nyuzi 9.5 za longitudo na kila nyuzi ni dakika 4. Burundi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma kwa saa moja. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo, inaweza kujirudisha nyuma bila mwenyewe kujua.

Wakati wa kurudi, boti za vijiji vya kaskazini kwa kawaida huondoka Kibirizi mnamo saa sita mchana. Anayetua Kigoma alasiri atalala mjini, na gharama ya malazi hayo iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kukata tiketi.