Ekuteri: Tuchague Vipi Bila Kupoteza Pesa Wala Masikio



Katika mikutano ya matawi, kuanzia Magara mpaka Nyanza-Lac, tulitarajia kuulizwa juu ya mishahara na likizo. Tuliulizwa hayo. Lakini vijana wa mashine za mawese pale Rumonge walileta na jambo jingine ambalo hatukulitayarishia jibu. Walitaka kujua ni ekuteri gani inayofaa kununuliwa, maana kila mara wananunua na kila mara inakufa. Mmoja alitoa mfukoni ekuteri tatu, zote zimekufa sikio la kushoto. Watu walicheka, na sisi tulicheka. Kisha tukafanya hesabu pamoja naye, na ikaonekana kwamba zile tatu za bei ya chini zilimgharimu zaidi kuliko moja ya maana. Hiyo ni pesa ya mfanyakazi iliyotupwa. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili hapa, na tuongeze jingine ambalo vijana wale hawakuuliza.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Hapa kwetu tunasema ekuteri kwa vile vidude viwili vidogo vinavyoingia masikioni, na kasike kwa ile kubwa yenye upinde unaopita juu ya kichwa. Wenzetu wa Tanzania husema hedifoni, na katika vitabu utakuta visikizio. Yote ni spika ndogo iliyowekwa karibu na sikio ili mtu asikie peke yake. Kitu hiki si kipya. Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin aliliuzia jeshi la majini la nchi yake kasike alizotengeneza mwenyewe kwa mikono. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa Walkman, mashine ndogo ya kaseti ya kubeba kiunoni pamoja na kasike yake nyepesi, na tangu hapo watu wakazoea kutembea na muziki wao. Baadhi yetu tuliziona mara ya kwanza ukimbizini Tanzania, kwa watoto wa wafanyabiashara. Sisi wengine tulikuwa na redio moja ya betri, ikisikilizwa na uwanja mzima.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Swali la kwanza ni kama ununue ya waya au isiyo na waya, ile ya blututhi. Vijana wanapenda isiyo na waya kwa sababu inapendeza machoni. Sisi tunasema, kwa mfanyakazi wa ukanda huu wa ziwa, nunua ya waya. Sababu ya kwanza ni redio. Wengi wetu tunasikiliza habari kwa FM ya simu, ambayo haili pesa ya intaneti. Simu nyingi zenye FM hazina antena yao wenyewe. Antena yake ni waya wa ekuteri. Ndiyo maana ukifungua redio bila kuchomeka ekuteri, simu inakuambia uchomeke kwanza. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, na robo yake, sentimita 75, tayari ni antena nzuri. Waya wa ekuteri huwa mita moja na kidogo, basi unatosha. Ziko simu ndogo za vibonye zilizo na antena ndani, lakini si zote. Mtu akinunua ekuteri isiyo na waya na simu yake haina antena, amenunua muziki na amepoteza habari.

Tukiwa hapo, jifunze na hili. FM husafiri karibu kama macho yanavyoona, mlima ukiikata imekatika. Sisi tunakaa kati ya ziwa na milima, kwa hiyo ukikaa chini ya kilima redio inakwaruza. Usilaumu ekuteri haraka. Nyoosha waya wote, usiukunje mfukoni, na usogee upande wa wazi. Mara nyingi sauti inarudi.

Sababu ya pili ni umeme. Ekuteri ya waya haina betri, haichajiwi. Ile ya blututhi ina betri tatu, moja kila sikio na nyingine katika kisanduku chake, na zote zinataka umeme. Mtu anayelipa kuchajisha simu kibandani atalipa mara mbili. Tena betri ndogo kama hizo huchoka, na zikichoka hakuna fundi wa kuzifungua. Kipande kimoja kikianguka majini au kwenye majani ya michikichi, kimekwenda. Waya nao una ubaya wake, unanasa. Lakini waya ukinasa unaona.

Kabla hujaenda sokoni, tazama tundu la simu yako. Simu nyingi za vibonye na nyingi za skrini zina tundu la mviringo la milimita 3.5. Simu nyingine mpya hazina tena tundu hilo, zinatumia lile la chaja. Ukinunua bila kutazama utarudi sokoni kwa miguu. Tazama pia fishi ya ekuteri, ile ncha ya chuma. Ikiwa na mikanda miwili myeusi, ni ya kusikiliza tu. Ikiwa na mitatu, ina na maikrofoni ya kuongea na simu. Chagua unayohitaji, usilipie usichohitaji.

Juu ya starehe, watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba starehe ni anasa. Ekuteri inayouma hubaki mfukoni, au mwenye nayo huisukumiza ovyo mpaka ngozi ya sikio inachubuka. Ziko aina tatu. Ya kwanza ni ngumu ya plastiki, inayokaa mlangoni mwa sikio. Ni rahisi kwa bei, haizibi sikio, na mtu huendelea kusikia yanayotokea karibu yake. Lakini masikio hayafanani. Kwa mwingine inakaa vizuri, kwa mwingine inaanguka akigeuza kichwa. Ya pili ina kofia ndogo za mpira laini zinazoingia ndani ya tundu la sikio. Nzuri ni ile inayouzwa na kofia za vipimo vitatu, ndogo, ya kati na kubwa. Jaribu zote, na usishangae sikio la kulia likitaka kipimo tofauti na la kushoto. Ya tatu ni kasike. Kasike nyepesi yenye sifongo ni raha kwa mtu aliyekaa nyumbani jioni, lakini katika joto letu la ziwa, ile inayofunika sikio lote inatoa jasho mapema. Akina dada wanaofunga kitambaa au hijabu wametuambia kwamba wanaona ekuteri ndogo ni bora, waya unapita chini ya kitambaa na haubani. Mwenye miwani naye ajihadhari na kasike inayobana, kwa maana mkono wa miwani utamchoma juu ya sikio.

Sokoni usinunue kwa kutazama sanduku. Sanduku lenye jina kubwa la kampuni ya ng'ambo, kwa bei ileile ya isiyo na jina, ni la uongo. Hatusemi isiyo na jina ni mbaya. Tunasema usilipe jina ambalo halimo. Nenda na simu yako na mkanda unaoujua vizuri, wimbo wa kwaya, kaswida, au sauti ya mtu akiongea. Maneno ya mtu ni kipimo kizuri kuliko ngoma, kwa sababu ngoma huficha makosa. Sikiliza kama maneno yanatoka wazi sauti ikiwa chini. Kisha sikiliza kulia peke yake, na kushoto peke yake. Halafu shika waya karibu na fishi, uupinde polepole huku na huku. Ikikwaruza au ikikatika, irudishe, ugonjwa tayari umo. Ekuteri nyingi hufia hapo, au pale waya unapoingia katika kidude cha sikio, kwa kuwa nyuzi za shaba za ndani ni nyembamba kama unywele na hukatika zikipindwa. Tafuta yenye mpira mnene mahali hapo pawili. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda kwa jirani yake.

Sasa tunakuja kwenye lile ambalo vijana hawakuuliza.

Yule kijana wa ekuteri tatu tulimwuliza huwa anasikiliza wapi. Akajibu kwamba ni kazini, kwenye mashine ya kukamua, ili injini isimchoshe. Tukamwuliza sauti anaiweka wapi. Mwisho kabisa, akasema, chini ya hapo hasikii kitu. Tukamwuliza tena usiku akilala anasikia nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema anasikia kama nyenje, na usiku wote hawanyamazi. Watu hawakucheka tena.

Ndugu, nyenje wale hawako nje ya nyumba. Ndani kabisa ya sikio mna vinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyoipokea sauti na kuipeleka katika ubongo. Kelele nyingi huvichosha, na ikizidi huviua. Kwa binadamu havioti tena. Mlio ule usioisha ni dalili kwamba vimeumizwa, na anayeupata hana budi kupumzisha masikio mara moja na kumwona mganga wa hospitali.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki. Hapo lazima tueleze hesabu, maana si hesabu ya duka. Ukiongeza desibeli 3 tu, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, na saa zako zinakatwa nusu. Kwa desibeli 83 una saa 20. Kwa 86 una saa 10. Ukifika 90 una saa 4 tu kwa wiki nzima, na kijana wetu alikuwa akizimaliza kabla ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza. Hatuna wote chombo cha kupimia, lakini kipo kipimo cha mdomo. Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele ya mahali hapo imefika 85 au imezidi. Anayeweka muziki juu ya kelele hiyo ili aushinde, ameongeza moto juu ya moto.

Ndiyo maana tulisema uchague ekuteri inayokaa vizuri sikioni na yenye maneno wazi. Ikikaa vizuri unaweza kuipunguza. Ikiwa alama za sauti za simu ni kumi, usipite ya sita. Ukiona mahali ulipo haikutoshi, mahali hapo si pa ekuteri.

Wengine watasema, basi tuvae kofia za mpira ziingie sana zizibe kelele ya injini. La hasha. Ekuteri si kikinga masikio, hata ikiziba. Kikinga ni kitu kingine, na kukitoa si kazi ya mfanyakazi. Mkataba nambari 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unaeleza kwamba kelele ipunguzwe kwanza kwenye mashine yenyewe na katika mpango wa kazi, na pale isipowezekana, mwajiri atoe vikinga. Tawi lenye mashine za namna hiyo liandike majina ya wanaofanya kazi karibu na injini na saa zao, barua hiyo tutaibeba sisi.

Shambani ni vilevile, kwa sababu nyingine. Mkungu wa chikichi ni mzito, na anayekata juu hupiga ukelele kabla haujaanguka. Aliye chini hana kinga nyingine isipokuwa kusikia. Kuokota chikichi chini ya mti na nyimbo masikioni ni kumziba mdomo mwenzako aliye juu. Hapo hatuna makubaliano, ekuteri ibaki nyumbani au katika mfuko wa shati mpaka wakati wa kula. Kando ya barabara ya Bujumbura, kwa waendao na warudio kwa miguu na baiskeli, acha sikio moja wazi, lile la upande wa magari.

Wavuvi tunawaelewa zaidi. Usiku wa giza, taa zimewashwa, mtu anangoja ndagala wapande, na kungoja ni kurefu. Redio inasaidia kutolala. Lakini weka sikio moja tu, na mbadilishane, mmoja wenu asiwe na ekuteri kabisa. Upepo wa kusini wa kiangazi husikika kabla haujafika. Simu na ekuteri vikae katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, maana maji yakiingia katika kile kidude hakuna dawa.

Kutunza si kazi kubwa. Usivute waya, shika fishi yenyewe. Usiuzungushe kwenye simu kwa kuukaza, uukunje kwa duara pana. Mikono yenye mawese huharibu mpira, ukalegea na kunata, kwa hiyo nawa kabla. Kofia za mpira zivue kila wiki uzioshe kwa maji ya sabuni, zikauke kabisa ndipo uzirudishe. Na usimwazime mtu ekuteri inayoingia ndani ya sikio, hata ndugu yako wa damu, isipokuwa imeoshwa. Usaha wa sikio huhama.

Ekuteri ikifa upande mmoja na ilikuwa nzuri, usiitupe. Fundi wa redio anaweza kukata waya pale ulipovunjika karibu na fishi na kuunga fishi mpya. Uliza bei kwanza. Ikizidi nusu ya ekuteri mpya, nunua mpya.

Kijana wetu tulimshauri aache kabisa kwa muda, aende hospitali. Amekwenda. Katibu wa tawi la Rumonge anapokea majina ya wengine wanaosikia nyenje usiku, siku ya mishahara, mahali pale pale pa mkutano.