Butembo: Nani akteri, nani shefu bandi? «Joker» yavuruga hesabu za vyumba vya video Bulengera

Kila mtoto wa Butembo aliyewahi kuketi kwenye benchi la chumba cha video anajua sheria mbili za filamu. Ya kwanza: kuna akteri na kuna shefu bandi. Ya pili: akteri hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwishoni atarudi na shefu bandi atalipa. Anayechelewa kuingia haulizi jina la filamu. Anauliza akteri ni yupi, ili ajue ampigie nani makofi.

Katika komini ya Bulengera, moja kati ya komini nne za mji pamoja na Kimemi, Mususa na Vulamba, swali hilo linakosa jibu filamu kama «Joker» inapowekwa.

Filamu hiyo ya Mmarekani Todd Phillips ilitoka Oktoba 2019, mwezi mmoja baada ya kushinda Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la Venice, Italia. Joaquin Phoenix anacheza Arthur Fleck, maskini anayejipaka rangi usoni na kuchekesha watu ili apate kula na kumtunza mama yake mgonjwa. Ofisi iliyokuwa inampatia dawa inafungwa kwa kukosa pesa. Anapigwa barabarani, anachekwa kwenye televisheni. Usiku mmoja ndani ya treni, vijana watatu wa kampuni ya matajiri wanampiga, naye anawaua kwa bastola. Mji wa Gotham unagawanyika. Wenye pesa wanaogopa, maskini wanavaa vinyago vya sura yake na kuingia barabarani.

Kwa wanaojua hadithi za katuni, Joker ni adui mkubwa wa Batman. Lakini hapa Batman bado ni mtoto mdogo, hana nguvu wala kinyago. Shefu bandi ndiye amepewa kiti cha akteri.

Duniani kote filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1, na Phoenix akapata tuzo ya Oscar Februari 2020. Wakati ilipokuwa kwenye sinema, vijana waliokuwa wanaandamana Beirut, Lebanoni, walijipaka rangi za Joker usoni. Kwao hakuwa muuaji tena. Alikuwa mtu aliyechoka kama wao.

Kwa wengi wa Bulengera, sinema kubwa yenye viti laini ni jambo la kusikia tu. Filamu zinafika kwa njia za biashara, kama bidhaa nyingine za Butembo zinazopitia Kasindi kutoka Uganda. Zinatembea kwenye diski, kwenye flashi na kutoka simu moja hadi nyingine. Wengine wanaziangalia peke yao kwenye kioo cha simu, wengine kwenye chumba cha video, jenereta ikinguruma nje. Na filamu ya namna hii, iliyojaa usiku na vivuli, inateseka mchana: mwanga ukipenya kwenye mbao, nusu ya mchezo haionekani.

Halafu kuna lugha. Kiingereza cha Marekani kinawapoteza wengi, Kifaransa kinawasaidia waliosoma. Ndiyo sababu katika eneo letu kazi ya kueleza filamu imezaa majina makubwa: VJ Jingo kule Uganda, DJ Afro huko Kenya, na Lufufu wa Tanzania. Watu hao hawatafsiri neno kwa neno. Wanaeleza, wanachekesha, wanamtetea mmoja na kumlaumu mwingine. Mwenye kueleza akimwita Arthur «akteri wetu» tangu mwanzo, chumba kizima kinamfuata. Akimwita mgonjwa anayehitaji msaada, makofi ya pale kwenye treni yanapungua.

Hilo si jambo dogo katika mji huu. Butembo inajua gharama ya kukosea nani ni shefu bandi.

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua zaidi ya watu 2,200 katika eneo la mashariki. Butembo na Katwa zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Wakaaji waliona watu waliofunikwa kutoka kichwa hadi miguu, sura hazionekani, wakichukua wagonjwa. Uvumi ukawageuza waganga kuwa wauaji. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili mwaka huohuo, daktari wa OMS Richard Mouzoko, raia wa Kameruni, aliuawa ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Alikuja kuokoa watu, lakini kuna waliomwona kama adui.

Kwa hiyo kinyago kwenye filamu si mchezo tu kwa kijana aliyekuwa na miaka kumi wakati ule. Kisasi pia si mchezo. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liko chini ya hali ya dharura, na mauaji ya ADF hayajaisha. Mahali ambapo raia wanaona haki inachelewa, mwizi akikamatwa, kuna wanaotafuta mawe na petroli kabla ya kutafuta polisi. Kijana anayempigia Arthur makofi anaelewa vizuri hasira yake: ofisi zilizofungwa, wakubwa wasiosikiliza. Lakini hasira kuwa na sababu hakumfanyi kila anayepigwa kuwa na kosa.

Watazamaji wa Kongo kufuata mashujaa wa filamu hadi barabarani si jambo jipya. Miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walipenda filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani hadi wakajiita «Bills», kutokana na jina la Buffalo Bill. Walivaa kama wao, wakabatiza mitaa yao majina ya Kimarekani, wakatengeneza lugha yao, Hindubill. Wengine walipigana na kuwatesa wasichana, wengine walilinda mitaa yao. Filamu zilikuwa zilezile, ila kila mmoja alichukua lake.

Mwaka 2024 Phillips alitoa sehemu ya pili, «Joker: Folie à Deux». Mbele ya mahakama Arthur anakiri kwamba hakuna Joker, ni yeye tu, mtu aliyeua. Wafuasi wake wanamwacha. Nje ya filamu ilikuwa hivyohivyo: watazamaji wa Marekani waliohojiwa wakitoka kwenye sinema waliipa alama D, na pesa zilikuwa kidogo sana kuliko mara ya kwanza. Walitaka kinyago, hawakumtaka mtu aliye nyuma yake. Anayeishi karibu na makundi yenye silaha anajua ugumu huo: mtu akishaitwa shujaa, ni vigumu watu wakubali kusikia alichofanya.

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Marekani kwenyewe, aliye chini ya miaka 17 haingii kwenye «Joker» bila mtu mzima. Kwenye chumba cha video, mwenye mlango ndiye anayeweza kuamua nani aingie na saa ngapi.

Kinachobaki ni mazungumzo, na Butembo haijakosa desturi hiyo: mji wa Parlement debout de Furu na Véranda Mutsanga umezoea vijana kubishana hadharani. Dakika kumi baada ya filamu, kabla ya jenereta kuzimwa, zinatosha kuuliza wale vijana watatu wa kwenye treni walistahili nini, na nani alipaswa kuamua.