Kericho, kisiwa cha baridi

Aneityum ni kisiwa cha mwisho chenye watu kusini mwa Vanuatu, katika Bahari ya Pasifiki. Hata ndege haitui kwenye kisiwa chenyewe. Uwanja uko kwenye kijisiwa cha jirani kiitwacho Inyeug, na abiria humalizia safari kwa mashua hadi kijiji cha Anelcauhat. Mwaka 1991 kisiwa hicho kilikuwa na watu 718. Kwa majuma tisa, mara moja kila juma, wote walimezeshwa dawa za malaria: klorokwini, Fansidar na primakwini. Mgonjwa alimeza, mzima naye akameza. Waligawiwa neti zilizotiwa dawa, na kwenye maji yaliyotuama wakafuga samaki wanaokula viluwiluwi vya mbu. Kazi hiyo iliongozwa na daktari Mjapani, Akira Kaneko, lakini walioibeba ni wanakijiji wenyewe. Malaria ya falsiparamu, ile inayoua zaidi, ilitoweka papo hapo. Ile ya vivaksi ilisalimu amri mwaka 1996.

Yamkini msomaji wa Sosiot, huku kwetu Kericho, atauliza: ya Vanuatu yanatuhusu nini sisi wa majani chai? Yanatuhusu sana, kwa sababu sisi pia tunaishi kisiwani. Bahari yetu ni baridi.

Kimelea cha falsiparamu hakimwambukizi mtu pindi tu mbu anapomfyonza mgonjwa. Ni lazima kwanza kikomae ndani ya mwili wa mbu, na muda wa kukomaa unategemea joto la hewa. Kwenye nyuzi 26, siku kumi na moja hivi zinatosha. Kwenye nyuzi 18 kinahitaji zaidi ya siku hamsini, na mbu jike kwa kawaida haishi zaidi ya majuma machache. Joto likishuka chini ya nyuzi 16, ukuaji unasimama kabisa. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na wastani wake wa joto ni nyuzi 17 au 18. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Kwa hiyo mbu wa anofelesi wapo kwetu, wanauma, wanataga, lakini wengi wao hufa kabla kimelea walichokibeba hakijaiva. Hiyo ndiyo kinga yetu, na ni kinga nyembamba: nyuzi moja au mbili za joto, si zaidi.

Halafu panda matatu. Kutoka Kapsoit barabara inapita Sosiot, inateremka hadi Sondu, na kila kona unayopiga hewa inazidi kuwa nzito. Ukiendelea hadi Homa Bay na Mbita umeshafika ziwani, na safari nzima haijamaliza siku. Abiria aliyevaa sweta asubuhi, jioni analala mahali ambapo kimelea kinaiva kwa majuma mawili au chini ya hapo.

Watafiti waliliona jambo hili kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Katikati ya karne iliyopita dawa na DDT zilikuwa zimeituliza malaria ya mashambani humo kwa karibu kizazi kizima, kisha miaka ya 1980 ikarudi. Mwaka 2005 Dennis Shanks na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza wakazi wa mashamba hayo swali jepesi: katika miezi miwili iliyopita, ulitoka? Miongoni mwa waliofika kliniki, uwezekano wa kukutwa na vimelea kwa waliosafiri ulikuwa zaidi ya mara mbili ya waliobaki. Hatari hiyo ilijikusanya kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Na kati ya watu waliojiona wazima, waliosafiri walikuwa na uwezekano mara tatu wa kubeba vile vimelea vya hatua ya uzazi, ambavyo mbu huvichukua na kuvipeleka kwa mwingine.

Hapo napenda tutulie kidogo. Mtu mzima aliyekulia kando ya ziwa ana kinga aliyoijenga kwa miaka ya kuumwa. Anaweza kwenda kwao kwa matanga, akarudi kuchuma chai Jumatatu, asihisi hata kichwa kuuma, ilhali damu yake ina vimelea. Si kosa lake wala si uchafu wake. Namkatalia kabisa yeyote anayetaka kuugeuza ujuzi huu kuwa lawama kwa watu wa ziwani, maana mikono yao ndiyo imechuma chai hii pamoja na ya kwetu kwa miaka mingi. Isitoshe, safari huumiza kuelekea upande wa pili vilevile. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho. Walipelekwa Gwassi, ukingoni mwa ziwa, eneo lililojaa mbung'o na malaria, watu wa baridi ambao miili yao haikuwahi kuuzoea ugonjwa huo. Kinga ambayo nyanda za juu zilikuwa zimewapa iliishia njiani.

Baada ya Vanuatu, Kaneko alikuja na timu yake kufanya kazi pamoja na Wakenya kwenye visiwa vya Homa Bay: Mfangano, Takawiri, Kibuogi na Ngodhe. Mwaka 2016 watu wa Ngodhe, kisiwa kidogo karibu na Mbita, walipewa dawa kisiwa kizima, kama ilivyofanyika Aneityum. Maambukizi yakashuka sana. Miezi michache baadaye yakapanda tena.

Kwa nini Aneityum kazi ilifaulu na Ngodhe malaria ikarudi? Mbu wa ziwani ni wengi na hodari, hilo ni kweli, lakini mimi naangalia kwanza mashua. Anayekwenda Aneityum hupita mlango unaojulikana, na wenyeji walijizoeza kuwapima damu wageni waliofika. Hata hivyo mwaka 2002 vivaksi ilipenya tena, ikashika zaidi watoto na vijana waliozaliwa au kukua bila malaria, lakini wanakijiji wakaizima. Ngodhe haina mlango mmoja. Wavuvi wa omena hutoka usiku wa giza na taa zao, huhama ufuo kwa ufuo wakifuata samaki, na mwezi unapokuwa mpevu wengi hurudi makwao bara. Wachuuzi huingia asubuhi na kutoka mchana. Maji yapo pande zote, lakini ukihesabu wanaoingia na kutoka, Ngodhe ni bara.

Nasi Sosiot twaelekea huko kwa njia mbili kwa pamoja. Barabara zimekuwa nzuri, na ile bahari yetu ya baridi inapungua. Suala la joto la Kericho liliwahi kuwagawanya wanasayansi: mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika kwamba hawaoni badiliko la hali ya hewa la kueleza kurudi kwa malaria nyanda za juu, mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakazipitia upya takwimu na kuona joto linapanda. Judith Omumbo na wenzake walipochambua vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho mwaka 2011, nao walikuta ongezeko. Kwa mahali palipolindwa na nyuzi moja au mbili, hiyo si habari ya kuwaachia wataalamu peke yao.

Kwa hiyo mtoto akipata homa, muuguzi mzuri wa huku huanza na swali: "Mama, mtoto alilala wapi wiki mbili tatu zilizopita?" Kama alikuwa kwa nyanyake Mbita au Sondu, mama aseme bila kusubiri kuulizwa, na damu ipimwe siku hiyohiyo. Anayeteremka aweke neti ndani ya mkoba pamoja na nguo. Na kuna jambo la kuwauliza wakubwa wa afya: chanjo ya malaria ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019 na ikapangiwa kaunti nane za ukanda wa ziwa. Kericho haikuwamo, kwa kuwa malaria yetu ni haba. Lakini mtoto wa Sosiot anayepelekwa Mbita likizo ya Agosti hulala chumba kimoja na binamu zake waliochanjwa, na kati yao wote yeye ndiye asiye na kinga hata kidogo.