Samaki wa Bei Nafuu, Maji ya Bei Ghali

Gobi wa Catalina ni samaki wa sentimita 6 tu, mwekundu wa rangi ya chungwa, mwenye mistari ya buluu. Katika maduka ya Marekani hupatikana kwa dola 20 au 30 hivi. Ukimwona mara moja, unamtaka. Lakini kabla hujafungiwa mfuko, jua kwamba gharama yake kubwa ni maji baridi.

Kwao ni miamba ya California na Ghuba ya California nchini Mexico, ambako hujificha katikati ya miiba ya viumbe wa aina ya wale wanaotuchoma nyayo maji yakipwa. Nyumbani, mwekee nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi. Matangi mengi ya samaki wa bahari za joto huwa na nyuzi 25 au 26. Humo hafi siku hiyo hiyo, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika. Mtazame mashavu: yanafunguka na kufungika haraka haraka, kwa sababu joto linauharakisha mwili wake huku maji yakibeba oksijeni kidogo zaidi. Maisha yake, mafupi hata baharini, yanazidi kufupishwa.

Kwa tangi la lita 60, njia za kupoza ni tatu.

Feni juu ya maji. Hugharimu makumi machache ya dola na hushusha nyuzi 2 au 3. Hukausha maji upesi, nawe hufidia kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haipotei na mvuke. Inafaa tu chumba chenyewe kikiwa baridi.

Kipozaji cha umeme kisicho na kompresa. Ni kidogo na bei yake ni ya kati, dola 100 hadi 200 hivi, lakini nguvu zake ni chache. Siku ya joto kali hushindwa.

Mashine yenye kompresa. Andaa dola 400 au zaidi. Hii ndiyo ya kutegemewa. Ikila wati 200 kwa saa 8 kila siku, hutumia uniti 48 kwa siku 30. Kwa senti 30 kila uniti, ni dola 14.40. Kwa mwaka mmoja, umeme peke yake unapita bei ya samaki mara kadhaa. Iweke penye hewa, kwa kuwa joto inalolitoa majini hulimwaga chumbani.

Aishiye Mombasa au Dar es Salaam, chumba kikifika nyuzi 30, mashine italazimika kushusha nyuzi 10 au zaidi, karibu bila kupumzika. Huko simshauri mtu.

Kuna chaguo jingine: gobi wa neoni kutoka Florida, mwenye mstari wa buluu unaong'aa. Ni mdogo vilevile, huzalishwa matangini, na nyuzi 25 ndizo zake. Chumba kisipokuwa na joto kali, hahitaji mashine ya kupoza.

Ikiwa moyo bado uko kwa yule wa Catalina, jaza tangi kwanza bila samaki. Washa kifaa chako cha kupoza, kisha soma kipimajoto saa tisa alasiri, wiki nzima ya joto. Kikivuka 20, usimnunue.