Perege hawali saa sita mchana

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jua la Songea huwa kali. Jumamosi mchana watoto hubeba ndoana kwenda kwenye bwawa la jirani, na jioni hurudi mikono mitupu. Si bahati mbaya. Maji yakipata joto hewa yake hupungua, na perege huondoka ukingoni kutafuta kina na kivuli. Mtoto anayewafuata huko ndiye yuko hatarini kuzama.

Mzazi, anza na saa. Saa mbili hadi saa nne asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni, perege husogea pembeni kula. Ukiwakuta alfajiri wanahema juu ya maji, ngoja jua lipande kwanza.

Ndoana iwe ndogo, maana mdomo wa perege ni mdogo. Chambo kiwe mnyoo au kitonge cha ugali kinachofunika ncha tu. Kaeni kimya, mahali ambapo vivuli vyenu haviangukii majini. Mkimtaka kambale, teremsheni chambo hadi chini jua linapozama.

Ombeni ruhusa kwa mwenye bwawa. Msiwapeleke watoto Mto Ruvuma, kuna mamba. Hata bwawani wasiingize miguu, kwa sababu ya kichocho. Na mtu mzima akae nao ukingoni muda wote, simu ikiwa mfukoni. Samaki akikosekana leo, kesho yupo.