Kinga yenye muzigo: kwa nini miguu peke yake haitoshi kuisimamisha

Kwenye barabara zetu za udongo, kinga njo kamyo ya watu wengi. Mchele, mihogo, mafuta ya ngazi: vingi vinatembea juu ya kiti cha nyuma. Mutu anayetoka Lokandu kuelekea Kindu na gunia anajua kwamba kupandisha kilima kunaomba nguvu. Lakini hatari kubwa iko kwenye muteremuko. Tuangalie namna gani kinga inasimama, na wakati gani inakataa.

Kitu cha kwanza: kinachosimamisha kinga ni barabara yenyewe. Pale mupira unagusa udongo, kuna msuguano, na huo njo unaovuta kinga nyuma. Freni na miguu kazi yake ni kupunguza muzunguko wa gurudumu tu. Kama mvua imenyesha na udongo unateleza, hata freni mupya itafunga gurudumu, na kinga itaendelea kuteleza.

Sasa, kuna kinga ambazo pedali haziachani na gurudumu: gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Kinga za zamani zilikuwa vile. Mpaka leo, katika mashindano ya velodromu, wanapanda kinga za namna hiyo bila freni. Kwao inafaa, kwa sababu wote wanazunguka upande mumoja na hakuna mbuzi wala mutoto wa kukatisha njia. Huku kwetu, rulibu, ile inayokuacha upumzishe miguu wakati kinga inakimbia, ikiharibika na fundi akaisude, unapata kinga ya namna ileile. Kwa kuisimamisha unabaki kukaza miguu ili pedali zisizunguke.

Je, miguu inaweza? Tufanye hesabu. Wewe, kinga na gunia, jumla kilo 180. Muteremuko unashuka mita 1 kwa kila mita 10. Unavutwa chini kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 18. Tukitoa kile barabara yenyewe inazuia, zinabaki kama kilo 14. Inaonekana kidogo. Lakini pedali ikizunguka mara 1, gurudumu linazunguka karibu mara 2 na nusu, na tena muguu wa pedali ni mufupi kuliko nusu ya gurudumu. Kwa hiyo kilo 1 kwenye mupira inaomba karibu kilo 5 kwenye pedali. Miguu yako inapashwa kushika zaidi ya kilo 60 bila kupumzika, na hapo ni kwa kuzuia mwendo usiongezeke tu. Kusimama, bado! Gunia liliongezeka, lakini nguvu ya miguu haikuongezeka.

Mwendo nao unaharibu zaidi. Ukigonga kitu kwa kilometa 18 kwa saa, ni kama umeanguka toka urefu wa kifua. Kwa kilometa 36, ni kama umeanguka toka juu ya muembe, mita 5. Mwendo mara 2, kugonga mara 4, na nafasi ya kusimama pia mara 4. Kwa mwendo ule, pedali zinazunguka karibu mara 2 kila sekunde. Muguu gani utazishika? Na shene ikikatika, hakuna kitu tena.

Ndugu zetu wa Goma wanaoendesha chukudu ya mbao wana dawa yao: kipande cha mupira juu ya gurudumu la nyuma, mutu anakikanyaga. Nguvu inafika kwenye gurudumu moja kwa moja, bila kupita kwenye shene. Freni ya kinga inafanya vilevile.

Basi, kabla ya kufunga muzigo, jaribu freni zote mbili. Usiache ya mbele: ukisimama, uzito unakwenda mbele, na gurudumu lile linashika udongo zaidi. Lakini ibonyeze polepole, hasa kwenye matope. Punguza mwendo juu ya kilima, usingoje katikati. Na kama rulibu imesudiwa na freni hakuna, shuka, tembea kando ya kinga, iongoze na mikono. Utachelewa dakika kumi, lakini utafika soko pamoja na muzigo wako.